Usiniambie "Nilimwona kwa Macho Yangu"

Wasee, leo sina vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kifuani miezi mitatu sasa na nimechoka kukibeba peke yangu.

Ilikuwa Ijumaa, saa moja jioni, mvua imetoka tu kuisha. Niko kwa steji upande wa Tom Mboya Street nangoja matatu ya kwenda nyumbani. Mnajua vile town hukuwa Ijumaa ikinyesha. Nauli imepanda, makanga wanaitana, kila mtu anasukuma. Mbele yangu kuna mama amebeba mkoba begani, na kando yake kijana amevaa hudi ya rangi ya damu ya mzee. Nikaona mkono wa huyo kijana ukiingia kwa mkoba, ukatoka na simu.

Nikashtuka. Kitu ya kwanza nilifanya, kama mtu yeyote wa Nairobi, ni kuinama niangalie mkoba wangu kama simu yangu bado iko. Ilikuwa. Nikainua macho. Hudi ya damu ya mzee hiyo hapo, hatua tatu hivi kutoka kwa yule mama, imenipa mgongo. Nikapiga nduru: "Mwizi! Huyo wa hudi! Ameiba simu!"

Hamhitaji niwaambie kilichofuata. Hapa kwetu neno hilo moja linatosha. Kabla sijamaliza kupumua, wanaume wanne walikuwa wamemshika kijana shingo. Kofi ya kwanza, kofi ya pili. Mzee mmoja akaniuliza, "Msichana, una uhakika ni huyu?" Nikamjibu bila hata kufikiria: "Nilimwona kwa macho yangu." Jamaa mwingine tayari alikuwa ameinama anatafuta jiwe.

Aliyemwokoa ni mama wa mahindi choma. Alijipenyeza katikati ya watu akiwa bado ameshika kile kipande cha katoni cha kupepea makaa. "Wachaneni na huyo mtoto! Amesimama hapa na mimi tangu mvua iishe! Mahindi yake hii hapa bado iko kwa jiko, na chenji yake niko nayo kwa mkono!"

Wakampekua. Hakuna simu. Mmoja mmoja wakamwachilia, kila mtu akarudi kuangalia matatu yake kama hakuna kitu imetendeka. Kijana akapangusa damu kwa mdomo, akaniangalia. Hakunitusi. Alisema tu, "Siste, hayo macho yako yangeniua leo."

Kitu inaniuma ni kwamba sikudanganya. Niliona mwizi wa hudi ya damu ya mzee. Nikaangalia chini sekunde moja, labda mbili. Nikaangalia juu, nikaona hudi ya damu ya mzee. Ndani ya kichwa changu hakukuwa na watu wawili. Kulikuwa na mtu mmoja, na sikuwa na shaka hata kidogo. Ningeapa mbele ya mahakama.

Kwa hivyo nikaenda kusoma, nijue mtu mwenye akili timamu anafanyaje kosa kama hilo. Na baada ya kusoma nina maoni, ndio haya: maneno "nilimwona kwa macho yangu" tumeyapatia uzito ambao hayastahili. Tunayatumia kufunga mjadala, na mjadala unapaswa kuanzia hapo.

Wacha nieleze.

Wengi wetu tunafikiria jicho ni kamera. Limefunguka, linarekodi, ukitaka unarudisha nyuma. Mimi ni mtu wa video, nashinda siku nzima nikikata klipu, na hata mimi niliamini hivyo. Sasa fanya hii: nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, angalia ukucha. Sehemu unayoona kwa ukali kabisa wakati wowote ni karibu ukubwa wa huo ukucha. Inatoka kwa kieneo kidogo katikati ya retina kinachoitwa fovea. Kila kitu kando ya hapo kina ukungu, na kadiri unavyoenda pembeni ndivyo ukungu unazidi.

Kwa sababu hiyo jicho halitulii. Linaruka kama mara tatu au nne kila sekunde, kupeleka fovea mahali papya. Mruko huo unaitwa sakadi. Hata sasa unavyosoma, jicho lako haliteremki kwa mstari kama maji kwa mfereji. Linaruka, linatua, linaruka, linatua.

Na wakati wa kuruka? Picha inapita kwa retina kwa kasi ya ajabu. Ukipeperusha simu hivyo ukiwa unarekodi, klipu yako itakuwa ukungu wa kutapisha. Lakini wewe hauoni ukungu wowote. Enda kwa kioo, uangalie jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha urudi. Hautayaona yakisonga hata mara moja. Mwambie rafiki asimame kando akuangalie, yeye atayaona vizuri. (Tumia kioo cha kawaida. Kamera ya selfi inachelewa kidogo, kwa hivyo inaweza kukuonyesha.) Mwanasaikolojia Mmarekani Raymond Dodge aliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1900, kwa hivyo si habari mpya. Ni vile tu hatukufunzwa.

Kuna ingine. Kama nyumbani kuna saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, itupie macho ghafla. Mara nyingi sekunde ya kwanza itaonekana ndefu kuliko zinazofuata, ni kama saa imesimama kidogo. Mwaka wa 2001 Kielan Yarrow na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hili kwa jarida la Nature. Ubongo unachukua kile ulichoona baada ya jicho kutua, unakirudisha nyuma kifunike pengo la mruko. Yaani kuna mkato, na ubongo unaufunika usijue.

Mimi hulipwa kufanya hiyo kazi. Nakata, naunganisha, na nikifanya vizuri hakuna mtu anaona mahali nimekata. Sikujua kuna mtu ndani ya kichwa changu anafanya kazi hiyo hiyo, mara tatu au nne kwa sekunde, bila kunionyesha mkato hata mmoja.

Sasa swali lenyewe ni hili: kati ya mtazamo mmoja na unaofuata, ni nini kinavuka?

Ungefikiria ubongo unabandika picha pamoja, kama vile simu inatengeneza panorama. Hapana. Mwaka wa 1979 watafiti wawili Wamarekani, George McConkie na David Zola, waliwapatia watu kitu cha kusoma kwa kompyuta iliyokuwa inafuata macho yao. Herufi zilikuwa zimepishana, kubwa na ndogo, kama mAtAtU. Jicho likiruka, kompyuta inabadilisha kila herufi, inakuwa MaTaTu. Kila herufi kwa skrini imebadilika umbo, na wasomaji hawakugundua. Waliendelea kusoma tu. Kilichovuka ni neno. Picha ya neno ilibaki nyuma.

Mwaka wa 1996 John Grimes akaripoti jaribio la picha za kawaida, mabadiliko yakifanywa wakati jicho liko hewani. Kwa picha moja vichwa vya watu wawili vilibadilishana miili. Vichwa, wasee! Kama nusu ya watazamaji hawakuona kitu.

Kumbe kinachovuka ni kidogo sana. Mtafiti David Irwin, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alionyesha watu herufi kadhaa, wakaruka macho, kisha akauliza wanakumbuka nini. Zilizovuka zilikuwa tatu au nne hivi. Mwaka wa 1997 Steven Luck na Edward Vogel walipima kumbukumbu ya muda mfupi ya kuona, hiyo tunayotumia kushikilia kitu akilini kwa sekunde chache, wakapata inabeba karibu vitu vinne. Hiyo ndio mfuko wako wote. Nafasi nne.

Steji ya town Ijumaa jioni ina watu zaidi ya mia, na mimi nina nafasi nne. Na nawahakikishia moja yao ilikuwa imekaliwa na simu yangu mwenyewe.

Sasa skizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilijiona. Huo mfuko mdogo una kazi gani? Mwaka wa 2008 Andrew Hollingworth, Ashleigh Richard na Steven Luck waligundua kazi yake moja. Jicho likiruka mara nyingi halitui mahali lilikuwa linalenga. Linakosea kidogo. Likitua, ubongo unachukua kile ulikuwa umeweka kwa mfuko, rangi kwa mfano, unalinganisha na vitu vilivyo karibu, unasema "ni kile pale," na jicho linajirekebisha. Yote yanatendeka haraka sana na hauhitaji hata kufikiria.

Umeelewa? Kila mara jicho linapotua, ubongo unajibu swali: je, hiki ni kile kile cha mwanzo? Na haujibu kwa kuangalia picha ya zamani, kwa sababu hakuna. Unajibu kwa alama mbili tatu. Rangi. Mahali. Umbo.

Na kusema ukweli, mbinu hiyo ni poa. Inafanya kazi karibu kila saa ya maisha yako, kwa sababu dunia mara nyingi imetulia. Kikombe ulichoacha mezani ni kile kile. Mtu aliyekaa kando yako kwa matatu ni yule yule. Ubongo unacheza kamari kwamba hakuna kitu kimebadilishwa ukiwa umeangalia kando, na karibu kila siku unashinda.

Lakini steji haijatulia. Nilipoinama kuangalia mkoba, ile haikuwa sakadi moja. Yalikuwa macho yanaruka mara kadhaa, na watu wanasonga. Mwizi akaondoka. Kwa mfuko wangu nilikuwa nimebakiwa na vitu viwili: damu ya mzee, na kando ya yule mama. Nikainua macho, nikapata damu ya mzee karibu na yule mama. Ubongo ukasema, ni yule yule. Ukafunika mkato. Ukanipa uhakika wote. Na mimi nikaupatia umati.

Kuna jaribio moja la mwisho nataka mjue, kwa sababu ndilo liliniaibisha zaidi. Mwaka wa 1998 Daniel Simons na Daniel Levin walichapisha jaribio walilofanya katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mtu anasimamisha mpita njia kumuuliza njia. Wakiwa wanaongea, watu wawili wamebeba mlango wanapita katikati yao, na nyuma ya mlango yule muulizaji anabadilishwa na mtu mwingine. Kati ya wapita njia 15, wanane waliendelea kuelekeza mtu tofauti bila kujua. Waliogundua walikuwa vijana wa rika la hao waulizaji. Basi wakarudia, safari hii waulizaji wale wale wakivaa nguo za mjengo, na wapita njia wote wakiwa vijana wanafunzi. Kati ya 12, wanne pekee ndio waligundua. Maelezo ya watafiti: wanafunzi hawakuweka mtu akilini, waliweka "mtu wa mjengo". Na mtu yeyote wa mjengo akatosha.

Mimi niliweka nini? "Kijana wa hudi." Sikuweka uso. Sikuweka viatu. Sikuweka urefu. Niliweka aina ya mtu, na kijana yeyote wa hudi akatosha. Najiuliza kama mwizi angekuwa amevaa suti ningepiga nduru haraka hivyo, ama ningeangalia mara ya pili. Jibu nalijua, na silipendi. Kwa hili jiji sote tunajua nani hupigwa kwanza kabla ya maswali. Ni kijana, wa kiume, wa hudi au wa dredi, hajulikani hapo. Macho yetu yakikosea, hayakosei kwa usawa.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Kwa hivyo tusiamini macho? Wezi watakushukuru sana." Wacha nikujibu. Macho yako ni mazuri. Yanakuvusha barabara kila siku. Shida ni kwamba hayakuonyeshi mahali yalikata. Ukiwa umemwangalia mtu bila kumwacha, unahisi una uhakika. Ukiwa umemwacha sekunde mbili ukampata mwingine, unaweza kuhisi uhakika ule ule. Kwa hivyo uhakika wako, hata uwe mkubwa aje, haunisaidii kujua ni gani kati ya hizo mbili.

Na hii si falsafa ya watu wa vyuo tu. Sheria yetu ilijua kitambo. Mwaka wa 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa shahidi mmoja anayesema alimtambua mtu lazima uchunguzwe kwa uangalifu mkubwa sana, hasa kama mazingira ya kumwona yalikuwa magumu. Majaji wa Kenya wanaitaja kesi hiyo hadi leo. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Hakimu ana faili, ana mawakili, ana miezi, na bado anaambiwa awe mwangalifu. Sisi kwa steji tuna sekunde kumi na mawe.

Mwingine atasema, "Polisi watafanya nini? Ukimwacha ameenda." Hasira hiyo naielewa, nimeibiwa simu mara mbili. Lakini angalia hesabu ya siku ile. Mama alienda nyumbani bila simu. Mtu asiye na hatia alienda nyumbani akitoka damu. Na mwizi mwenyewe? Alitembea polepole, kwa sababu mimi nilikuwa nimegeuza macho ya steji nzima upande mwingine. Nduru yangu ilikuwa msaada mkubwa zaidi aliopata siku hiyo.

Sasa peleka hiyo kwa simu zetu. Mara ngapi umeona klipu ya kamera ya duka, mtu anaonekana nusu, halafu kwa grupu mtu anaweka picha ya jamaa fulani na kuandika "ndiye huyu, sambazeni"? Mimi nimesambaza. Zaidi ya mara moja. Tunafanya kitu kile kile: tunatoa macho kwa klipu, tunayapeleka kwa picha, na kinachovuka katikati ni kofia na ndevu. Halafu tunasema tumetambua mtu. Tofauti ni kwamba kwa simu hakuna mama wa mahindi wa kuruka katikati.

Kwa hivyo nimejiwekea sheria tatu, na nawaomba mzijaribu.

Ya kwanza: sema ulichoona kwa vipande. "Niliona mkono. Niliona hudi. Sikuona uso." Ningesema hivyo kwa yule mzee aliyeniuliza, nina hakika kofi zingesimama.

Ya pili: jiulize, je, macho yangu yalimwacha? Kama jibu ni ndiyo, hata kwa sekunde moja, basi hauna "nilimwona". Una "nadhani ni yeye". Sema hivyo kwa sauti.

Ya tatu: piga nduru ya kitu, usipige ya mtu. "Simu imeibwa! Shikeni mikoba!" Watu wataangalia kila upande badala ya kuangalia kijana mmoja. Na kama kuna anayeshukiwa, ulizeni walio karibu naye kabla ya mtu kuinua mkono.

Fikirieni kwa nini mama wa mahindi alikuwa sawa na mimi nikakosea. Macho yake hayashindi yangu, yeye mwenyewe anavaa miwani. Lakini alikuwa na vitu ambavyo havihitaji kumbukumbu ya jicho: mahindi yakiwa kwa jiko, chenji ikiwa mkononi, maongezi na huyo kijana tangu mvua iishe. Huo ndio ushahidi. Mimi nilikuwa na rangi ya nguo.

Nilirudi pale wiki mbili baadaye. Nikanunua mahindi, nikamuuliza kama kijana bado hupitia hapo, nilitaka kumwomba msamaha vizuri. Akaniambia hajamwona tena, siku hizi anapandia matatu kwingine. Halafu akanipa mahindi yangu na chumvi na pilipili, akasema, "Siku ingine uangalie mara mbili, mtoto wangu."

Kijana wa hudi, kama hii itakufikia: nilikukosea, na niko na deni lako.

Na wewe unayesoma, usiniambie hapo chini kuhusu wezi wa town, hao nawajua. Niambie mara moja ulikuwa na uhakika kabisa umeona kitu, na ukakuja kujua haikuwa hivyo. Tuanzie hapo.